PhD ya famakolojia: upime mti wa kijijini kwa panya, au ufuate dawa mpaka kwenye damu ya mgonjwa?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Mimi ni mfamasia, mama wa watoto wawili, niko hospitali ya mkoa kanda ya ziwa, masta ya famakolojia nilishamaliza. Sasa nataka PhD. Wazo langu ni kupima mti mmoja ambao kijijini kwetu wanautumia kwa kisukari, niwape panya nione kama sukari inashuka. Mwalimu niliyemfuata kasema nilete andiko. Ila kuna ndugu yangu yuko nje ananiambia PhD ya hapa ni kupoteza muda, nitafute Ulaya. Nibaki au niende? Itachukua miaka mingapi? Na kusema ukweli sijaelewa PhD ya famakolojia inafundisha nini ambacho masta haikufundisha."

Marahaba mdogo wangu. Naanza na lile uliloliuliza mwisho maana hayo mengine yote yananing'inia hapo.

Masta ilikufundisha yale yanayojulikana tayari, yaani dawa inaufanya nini mwili na mwili unaifanya nini dawa, ukafanya na kautafiti kadogo, ukaandika, ukavaa joho. PhD inakutaka utoe kitu ambacho hakikuwepo kabisa halafu ukisimamie mbele ya mtu ambaye kazi yake siku hiyo ni kukiangusha. Na kwenye famakolojia kitu hicho karibu mara zote kinaunganisha mambo mawili: dawa kiasi gani ilifika pale ilipotakiwa kufika, na nini kilitokea ilipofika. Dozi, kiwango kwenye damu, matokeo. Ukiondoa hicho cha katikati unabaki na "nilimpa, akapona" au "nilimpa, hakupona", na hiyo hata muuza dawa wa mtaani anaweza kukusimulia vizuri tu.

Chukua dawa mseto ya malaria, ile yenye artemether na lumefantrine, ambayo we mwenyewe unaitoa dirishani kila siku. Mtu mzima vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu, kwisha. Wengi wanapona, wachache malaria inarudi, na zamani jibu rahisi lilikuwa "hakumaliza dozi" au "vijidudu vimekuwa sugu". Wanafamakolojia wakaenda kupima lumefantrine kwenye damu siku ya 7, wakakuta yule ambaye kiwango chake kiko chini ya nanogramu 200 kwa mililita moja ndo yuko kwenye hatari zaidi ya vijidudu kurudi. Hapo sasa maswali yakafunguka: mjamzito je? Kiwango chake huwa kinashuka. Mgonjwa wa HIV anayetumia efavirenz je? Efavirenz inaamsha vimeng'enya vya ini, hasa CYP3A4, lumefantrine inachakatwa haraka, siku ya 7 unakuta kimebaki kidogo. Kazi za namna hii zimefanyika hapahapa Tanzania, sio kwenye vitabu vya wenzetu. Hata ule ushauri wa kumeza mseto na maziwa au chakula chenye mafuta umetoka humohumo, lumefantrine bila mafuta haiingii vizuri mwilini, na nina uhakika umeshawaambia wagonjwa maelfu bila kuwaza kwamba kuna mtu alikaa na mirija ya damu mpaka usiku ili we uweze kusema sentensi ile.

Au ishu ya rifampicin na dolutegravir. Mgonjwa ana TB na HIV, rifampicin ya TB inashusha kiwango cha dolutegravir ya HIV kwenye damu, kwa hiyo tunampa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kidonge hicho cha pili ni mzigo, kwa mgonjwa na kwa stoo. Kuna watu Cape Town wakauliza, hivi kweli kinahitajika? Swali dogo, linaeleweka hata na muuguzi wa zamu, lakini kulijibu unahitaji kujua kupima, kujua vimeng'enya, kujua virusi vinazuiwa na kiwango gani, kujua takwimu. Hiyo ndo sura ya swali la PhD ninayotaka uwe nayo kichwani.

Sasa mti wako. Nitakuwa mkweli hapa, usikasirike.

Utafiti wa "mti fulani kwa panya" nimeusoma mwingi mno, na karibu wote unafanana kama umepigwa chapa. Panya anachomwa kemikali ya aloksani au streptozotosini, sukari inapanda, makundi yanapewa ekstrakti, yaani dawa iliyokamuliwa kwenye mti, miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo, kundi jingine la kulinganisha linapewa glibenclamide, kidonge cha kisukari, sukari inashuka, p ni chini ya 0.05, yaani takwimu zinasema sio bahati tu, hitimisho linasema matokeo yanathibitisha matumizi ya mti huu kwa jamii. Hongera. Sasa nikikaa kama mkaguzi nina maswali yangu ya kawaida. Kwanza, aloksani na streptozotosini zinaua seli za kongosho zinazotoa insulini, wakati wagonjwa wako wengi pale kliniki ni wa aina ya pili, insulini wanayo ila mwili hauisikii, je umeupima ugonjwa wao au mwingine? Pili, miligramu 400 kwa kilo ya panya huwezi kumpa binadamu hivyohivyo, kwa hesabu inayotumika unagawa kwa 6.2, unapata kama 65 kwa kilo, mtu wa kilo 70 anatakiwa anywe gramu nne na nusu za ekstrakti kavu. Kama gramu 100 za majani zinakupa gramu 10 za ekstrakti, huyo mama anatakiwa atumie gramu 45 za majani makavu kila siku ya Mungu. Kijijini kwenu wanakunywa hivyo? Tatu, kilichoshusha sukari ni nini, na kilikuwa kiasi gani kwenye damu ya huyo panya? Hapo ndo ukimya unapoingia. Nimeshakaa kwenye utetezi ambao mtahiniwa alijibu maswali yote ya mimea vizuri sana, jina la kisayansi, familia, sampuli aliyoihifadhi habariamu, ghala la mimea iliyokaushwa, kila kitu, lakini tulipofika kwenye kiwango ndani ya damu akawa anamwangalia supavaiza wake.

Simaanishi dawa za asili hazina maana, hapana, wala panya hawana kosa. Tu Youyou wa China alichukua Nobel 2015 kwa artemisinini, kwa mti, kwa panya, na hana PhD, hiyo weka pembeni ikufariji siku ukichoka. Lakini angalia alifanya nini. Ekstrakti zake zilikuwa leo zinafanya kazi kesho hazifanyi, akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4 akaona yanasema loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa, hakuna sehemu wanachemsha. Akawaza huenda moto ndo unaua dawa, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vijidudu kwa panya wote. Alikuwa na swali ndani ya mti. We kwa sasa una mti tu.

Kama moyo wako uko kwenye dawa za asili, mimi ningeligeuza hivi. Wagonjwa wako wa kisukari na wa HIV wanakunywa mlonge, unajua hilo kuliko mimi, wengine wanaficha wengine wanakuambia kabisa. Achana kwanza na kuuliza kama mlonge unashusha sukari ya panya. Uliza: mlonge unaifanya nini dawa ambayo huyu mgonjwa tayari anaimeza? Zimbabwe walishaanza njia hiyo. Maabara, kwenye vimeng'enya vya ini, mlonge ulionekana unazuia baadhi yao, watu wakaogopa. Wakaenda kwa wagonjwa wanaotumia nevirapine, dawa ya HIV, wakapima damu wakiwa na mlonge na wakiwa hawana, tofauti yenye maana kwa tiba haikuonekana. Hilo ni jibu la maana sana, linamtoa mgonjwa hofu, na linakufundisha we mtafiti kwamba kilichotokea kwenye chupa sio lazima kitokee kwa mtu. Kinyume chake upo mmea wa wazungu, Hypericum, wanautumia kwa sonona, ule ulishusha indinavir, nayo dawa ya HIV, kwenye damu kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo huwezi kujua mpaka upime.

Ila ukienda huko chagua dawa kwa akili. Metformin ya kisukari haichakatwi na ini, inatoka kwenye figo ikiwa vilevile, inabebwa na protini za usafirishaji, kwa hiyo ukikaa miezi unapima mlonge na metformin kwenye maikrosomu za ini, vile vipande vya seli vyenye vimeng'enya, umekaa bure. Glibenclamide inapita CYP2C9 kwa sehemu kubwa, hiyo sawa, hapo kuna swali, na hatari yake ni ya kweli, ikizuiliwa kutoka mwilini, sukari ya mgonjwa inashuka usiku, anazimia. Unaona jinsi maarifa yako ya masta yanavyoanza kufanya kazi? Yanachagua swali kabla hujagusa panya hata mmoja.

Na ujue kabisa, ukimpa mgonjwa mmea na dawa kwa pamoja ili upime, hayo ni majaribio ya kitabibu. Kibali cha maadili cha chuo, cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) pia. Anza mapema, wengi wanahesabu miaka yao ya PhD bila kuhesabu vibali halafu wanalaumu dunia.

Tuje kwenye kubaki au kwenda. Ndugu yako anauliza nchi, we uliza mashine na mtu.

Mashine kwanza. Kazi ya kiwango cha dawa kwenye damu inataka LC-MS/MS, mashine inayotenganisha dawa na kuipima kwa uzito wa molekuli zake, au angalau HPLC nzuri, inayotenganisha bila kupima uzito huo, kwa dawa ambazo viwango vyake ni vikubwa. Ukifika chuo chochote, hapa au nje, usiulize "mnayo?" maana watasema ndiyo na watakupeleka kuiona, iko pale ina kitambaa juu. Uliza mara ya mwisho sampuli ya mwanafunzi ilipita lini. Uliza nani anaiendesha, mkataba wa matengenezo upo, jenereta ya naitrojeni inafanya kazi, asetonitraili, kimiminika cha kuendeshea mashine, ya daraja la HPLC ikiagizwa inafika baada ya muda gani, ile stendadi ya ndani yenye dyuteriamu, dawa ya kulinganishia unayoichanganya kwenye kila sampuli, nani analipia. Uliza friji la nyuzi 80 chini ya sifuri lina umeme wa akiba au linategemea huruma ya gridi. Haya maswali yanaonekana madogo lakini ndo yanayoamua kama utamaliza.

Halafu utafundishwa kuthibitisha njia yako ya kupima, na hapa ndo PhD inapoanza kuuma. Huwezi kuchoma sampuli ya mgonjwa, yaani kuiingiza kwenye mashine, kabla hujaonyesha kwamba njia yako inarudisha jibu sahihi, kosa lisizidi asilimia 15 juu au chini, na asilimia 20 pale kwenye kiwango cha chini kabisa unachoweza kupima. Unaonyesha dawa haiharibiki ikigandishwa na kuyeyushwa, haiharibiki ikikaa mezani masaa kadhaa, mafuta ya damu hayadanganyi mashine. Ni kazi ya miezi, haina sifa, haina picha ya kuposti, na ndiyo inayokutofautisha na mtu aliyetuma sampuli nje akaletewa namba kwenye ekseli. Kutuma nje sio dhambi, mara nyingi hakuna njia, lakini kama ni lazima zitumwe basi nenda nazo, ukae na mashine mwenyewe, na mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umesainiwa ukiwa na kipengele kinachosema data ni za nani.

Upande wa pili ni modeli. Damu kutoka kwa wagonjwa wetu hutaipata mara kumi na mbili kwa siku, utapata mara mbili tatu, kila mtu muda wake. Kuna hesabu ya kuchukua vipande hivyo vya watu wengi na kujenga picha moja, wanaiita famakokinetiki ya umma, Sheiner na Beal wa San Francisco ndo walioiandikia programu ya NONMEM, leo kuna na Monolix, na kuna vifurushi vya bure ndani ya R, programu ya takwimu. Afrika Mashariki wanaoijua hii kazi bado ni wachache kwa mahitaji yaliyopo, na ningekuwa na miaka yako ningewekeza hapo, kwa sababu modeli haihitaji friji, haihitaji asetonitraili, inahitaji laptopu na kichwa, na unaweza kuifanya ukiwa hapohapo mkoani watoto wakiwa wamelala. Anza na R leo usiku, sitanii.

Kwa hiyo Ulaya au hapa? Mpango ninaoupenda kwa mtu kama wewe ni wa kuchanganya: umesajiliwa hapa au kwa pamoja na chuo cha nje, wagonjwa na maswali yako hapa, unaenda kwa vipindi vya miezi michache kujifunza mashine na modeli, unarudi. MUHAS, chuo cha afya Muhimbili, na Karolinska ya Sweden wamesomesha watu hivyo miaka mingi kwa hela ya Sida, shirika la misaada la Sweden, na kazi nyingi za jeni ya CYP2B6, kimeng'enya kinachochakata efavirenz, na efavirenz yenyewe kwa Watanzania zimetoka kwenye uhusiano huo. Makerere na Liverpool nao wana mkondo wao wa dawa za HIV na TB pale Kampala. Cape Town ni nyumba ya famakolojia ya kitabibu kwa bara letu, na Nairobi idara ya famakolojia ipo muda mrefu. Jumuiya ya Madola wana skolashipu ya kugawa muda kati ya chuo chako na Uingereza, DAAD, shirika la skolashipu la Ujerumani, wana za kusomea humuhumu Afrika. Hizo masharti hubadilika kila mwaka, soma tangazo la mwaka husika, usisome la mwaka juzi alilokuforwadia mtu.

Kama ukienda moja kwa moja, ujue nchi hazifanani. Sweden ni miaka minne ya kazi kamili, mara nyingi wanakuajiri kwa mshahara na ada hakuna, lakini unaomba nafasi yenye mradi uliokwishapangwa, kwa hiyo mti wako utauacha uwanja wa ndege. Uingereza miaka mitatu hadi minne, unaingia maabara siku ya kwanza, na ada kwa mtu wa nje ni balaa bila skolashipu. Marekani mitano au zaidi, unaanza na kozi, unazungushwa maabara kadhaa kabla ya kuchagua, kuna mtihani mkubwa wa kati, wanakulipa posho, na hawajali sana kama una masta. Hapa kwetu karatasi inasema mitatu au minne. Uhalisia we mwenyewe umewaona walimu wako, wengi wanazidisha, na sababu kubwa ni hela ya vitendanishi na kazi nyingine wanazopewa huku wanasoma.

Ndugu yako anakosea kusema ya hapa haina maana. PhD ya hapa yenye mashine inayotembea, supavaiza anayesoma ulichoandika, na karatasi tatu kwenye majarida yanayoheshimika inamshinda kwa mbali aliyeenda Ulaya akawa mkono wa kufanya kazi ya mtu, akarudi na mbinu moja ambayo haiwezekani nchini kwake. Ila ya hapa ambayo haina vitu hivyo, hapo yuko sahihi, sina la kumtetea.

Kuhusu mtu, yaani supavaiza. Taaluma hii tangu mwanzo imesomwa kwa kukaa na mtu. Mjerumani Buchheim alianzisha maabara yake ya famakolojia Dorpat, leo Tartu ya Estonia, mwaka 1847, kwenye nyumba yake na kwa hela yake, mwanafunzi wake Schmiedeberg akaenda Strasbourg, na waliopita mikononi mwa Schmiedeberg ndo waliokwenda kushika viti vya famakolojia dunia nzima, John Jacob Abel aliyeianzisha Marekani akiwemo. Kwa hiyo kabla hujasaini kwa huyo mwalimu aliyekwambia lete andiko, tafuta wanafunzi wake wa PhD waliomaliza, na zaidi tafuta ambao hawajamaliza, hao ndo watakaokuambia ukweli. Uliza anarudisha rasimu baada ya muda gani. Uliza kwenye karatasi zao jina la kwanza ni la nani. Akiwa mtu wa mimea peke yake, mheshimu, mbakize, lakini ongeza wa pili anayejua viwango na modeli, hata awe Kampala au Cape Town, vikao vya mtandaoni vipo. Na majarida yanayokutumia imeili kukusifia kisha yanataka hela yachapishe ndani ya wiki, kimbia, mkaguzi akiyaona kwenye thesisi anaanza kusoma kwa jicho jingine.

Kuhusu kujilipia. Ada unaweza kujilipia ukijibana, utafiti hapana. Usianze PhD ya maabara kwa mshahara wako wa ufamasia, kitendanishi kimoja kitakula ada ya shule ya watoto na bado hujachoma sampuli. Jiunge na mradi wenye hela tayari, hata kama swali sio lako asilimia mia, ukachonge kipande chako humo ndani. Miradi ya TB, malaria na HIV karibu yote inakusanya damu, na mara nyingi hakuna aliyepanga kupima dawa kwenye hiyo damu. Huo ndo mlango wako. Nenda taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, nenda NIMR Mwanza hapo jirani yako, uliza nani anafuatilia wagonjwa gani, jitambulishe kama mfamasia anayetaka kupima viwango. Mfamasia aliyekaa dirishani anajua nani anameza nini na nini, hicho kitu wenye miradi wengi hawana.

Watoto wawili sio kizuizi, ila ruhusa ya masomo ya mwajiri iwe kwenye maandishi kabla ya usajili, na iseme mshahara unaendelea au hauendelei. Nimeona watu wakisoma kwa "tulishaongea na bosi", bosi akahamishwa.

Andiko lako lisizidi kurasa mbili kwa sasa. Ukurasa wa kwanza swali moja, dawa moja, wagonjwa gani, kiwango gani utapima na kwanini hicho ndo kitaamua. Wa pili mashine iko wapi, nani ataiendesha, sampuli ngapi, hela ya nani. Ukishindwa kuujaza huo wa pili bado hujapata mradi hata kama wa kwanza ni mtamu. Kile kipengele cha mlonge na glibenclamide ukikitaka kichukue, sikidai. Ukimaliza nitumie niusome kabla hujampelekea mwalimu.